Sufuria Nzito na Sinia Moja



Katibu wa kamati ya msikiti hupokea vikaratasi vya kila aina. Kimoja huuliza bomba la maji ya kutawadha litatengenezwa lini, kingine hulalamikia kipaza sauti, cha tatu huomba duwa kwa mgonjwa. Ijumaa iliyopita mtoto mmoja wa madrasa alitukabidhi kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kutoka kwa mama yake. Mama huyo anaeleza kwamba mwanawe aliye ughaibuni amemletea sufuria ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, nje nyekundu na ndani nyeupe mfano wa kikombe cha kauri. Imo kabatini tangu Ramadhani iliyopita. Anamalizia kwa kuandika: "Naiogopa. Nipike nini ndani yake ili isiharibike, na mwanangu akiniuliza nisione haya?"

Hatukuliona swali hili kuwa dogo, kwa kuwa lilishapita nyumbani kwetu. Sisi nasi tuliletewa sufuria kama hiyo na dada yetu anayeishi Uingereza, ikakaa juu ya kabati la vyombo kuanzia Shawwal hadi Muharram. Wageni waliisifu, watoto walikatazwa kuigusa, na mama watoto aliifuta vumbi kila Alhamisi. Ilikuwa pambo. Tuliyojifunza tulipoishusha ndiyo tunayoyaandika leo, ili yamfae mama huyu na wengine walio katika hali yake.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Sufuria hii ni ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu. Ufundi wa kusubu vyungu vya chuma ni wa kale; Wachina waliujua karne nyingi kabla ya watu wa Ulaya, na huko Uingereza mwaka 1707 Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga. Hicho kilikuwa chuma kitupu, chenye kushika kutu kisipopakwa mafuta. Baadaye mafundi wakakivika enameli, ambayo asili yake ni unga wa kioo unaoyeyushwa kwa joto kali hata ukashikamana na chuma. Mwaka 1925 Wabelgiji wawili, Armand Desaegher na Octave Aubecq, walianzisha kiwanda cha Le Creuset katika mji wa Fresnoy-le-Grand, kaskazini mwa Ufaransa, na tangu hapo vyombo vya namna hii vikaenea. Kwa hiyo, mama mpenzi, ulichonacho ni chuma kilichovaa kanzu ya kioo. Chuma ndicho kinachokipa nguvu, na kioo ndicho kinachotaka adabu.

Adabu hiyo sisi hatukuwa nayo siku ya kwanza. Tulibandika maharage, tukafungulia gesi hadi mwisho kama tulivyozoea kwa sufuria ya alumini, kisha tukaenda kuandika kumbukumbu za kikao. Alumini hupitisha joto upesi na kulipoteza upesi. Chuma cha kusubu huchelewa kushika moto, lakini kikisha kuushika hakiuachi. Tulipoona maharage yanarukaruka tukapunguza gesi tukidhani tumeyawahi. Joto lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya chuma, likaendelea kuyachoma kutoka chini. Harufu ya kuungua ilimfikia mama yetu mzazi chumbani kwake kabla haijatufikia sisi.

Hapa hatuna budi kusema jambo la nyumbani kwetu. Mama yetu ni mtu mzima, na katika miaka hii miwili meno yake yamekwisha. Alianza kwa kuondoka mapema penye sinia, akisema ameshiba. Baadaye akawa anaomba uji wake aletewe chumbani. Tukimwita huitika, "Kuleni, wanangu, mimi sina njaa." Nasi tukamwamini, kwa kuwa kumwamini kulikuwa kwepesi kuliko kuchunguza. Nyama tuliyokuwa tukipika ilikuwa nyama ya haraka, yenye kutafunwa kwa meno ya vijana. Mama aliyewalisha watu kwa mkono wake miaka arobaini akawa anakula peke yake, mlango umerudishwa nusu, naye husikia vicheko vya wajukuu vikitoka sebuleni.

Siku ile ya maharage alitoka akaja jikoni. Aliitazama sufuria, akaugonga mfuniko kwa ukucha, akauinua kwa mikono miwili na kuurudisha. Kisha akasema, "Mwanangu, hiki ni chungu. Kimevishwa nguo za kizungu tu. Nani alikwambia chungu hupikiwa moto wa kukimbizana?"

Mtu yeyote aliyepikia chungu cha udongo ataelewa mara moja. Chungu hubandikwa juu ya moto wa wastani, huachwa kipate joto kidogo kidogo, kisha moto huondolewa ukabaki wa kutosha tu kukifanya chakula kitokote. Mama alipoona mchuzi wa siku ya pili umekwisha kutulia alitaka hata kupalia, akaenda kutafuta koleo na makaa ayaweke juu ya mfuniko kama tunavyofanya kwa wali. Hapo ilitubidi tumzuie kwa heshima, maana kaa la moto likikaa juu ya enameli laweza kuipasua. Alinuna kidogo. Lakini tulipofunua tukamwonyesha matone ya maji yaliyojipanga chini ya mfuniko na kudondoka tena ndani ya mchuzi, alitabasamu na kusema kwamba mfuniko huu unajipalia wenyewe. Uzito wake hauachi mvuke utoke ovyo, kinachopanda hurudi.

Basi, nipike nini? Jibu letu ni hili: pika kinachotaka moto mdogo na muda mrefu, na kinachotosha watu wengi. Tutataja vinne.

Cha kwanza ni mchuzi wa nyama ngumu. Usinunue steki. Mwambie muuza nyama akupe muundi, shingo au mkia, kilo moja na nusu. Nyama hizi zimejaa kano, nazo kano zikitokota polepole kwa saa nyingi huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito na wenye kunata midomoni. Pasha mafuta vijiko vitatu kwa moto wa wastani, geuzageuza nyama hadi ibadilike rangi pande zote, uitoe. Katika mafuta hayo kaanga vitunguu maji vitatu, kisha tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, bizari nyembamba na pilipili manga. Tia nyanya nne, zikilainika rudisha nyama, ongeza maji yaifikie nusu tu, chumvi, na mwisho ukwaju uliorojwa. Funika, punguza moto hadi uone povu moja moja likipanda kwa uvivu, na uache saa tatu. Chuma kitupu ukikipikia ukwaju na nyanya mchuzi huwa mweusi na kupata ladha ya chuma. Kanzu ya kioo imeondoa tatizo hilo, kwa hiyo usiogope kutia ndimu wala siki.

Nyama hiyo ukiigusa kwa kijiko huachana na mfupa. Haihitaji meno.

Cha pili ni bokoboko, ambalo jamaa zetu wa Omani huliita harisi. Roweka nusu kilo ya ngano iliyokobolewa usiku kucha. Asubuhi iweke sufuriani pamoja na kilo moja ya nyama ya mbuzi au kuku, kijiti cha mdalasini, hiliki, chumvi na maji lita tatu. Likichemka engua povu, punguza moto, funika. Kwa saa ya kwanza na ya pili koroga mara chache tu. Kuanzia saa ya tatu, ngano ikianza kupasuka, toa mifupa na usikae mbali. Wanga huzama na kushika chini, na hata sufuria nzito haitamsamehe mpishi aliyesahau. Ongeza maji ya moto kila linapokaza. Mwisho lipige kwa mwiko wa mti hadi ngano na nyama visitambulikane, kisha mimina samli juu yake. Kwa mzee, kwa mzazi aliye katika arobaini yake na kwa mgonjwa anayeinuka kitandani, ni vichache vinavyolishinda.

Cha tatu ni jamii ya kunde: mbaazi, choroko, maharage. Roweka usiku, mwaga maji hayo, tia mengine. Kwa maharage mekundu pana tahadhari ambayo watu wa moto mdogo wasiisahau. Ni lazima kwanza yachemke kwa nguvu, dakika 10 au zaidi, ndipo upunguze moto, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo moto wa chini peke yake hauiondoi, nayo huumiza tumbo. Baada ya hapo yaache yatokote mpaka yalainike kabisa. Tui jepesi litie yakikaribia kuiva. Tui zito litie mwishoni, mfuniko ukiwa wazi, huku ukikoroga, na moto uuzime kabla halijachemka sana, maana sufuria hii itaendelea kupika hata baada ya kuzimwa. Ukisahau hilo tui litakatika.

Cha nne ni mchuzi wa mumunye. Amepokea Imamu Bukhari na Imamu Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba fundi mshonaji alimwalika Mtume (s.a.w.), akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wa mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas alimwona Mtume akiyafuatilia mamumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe akayapenda. Ni chakula cha mtu wa kawaida, tena chepesi. Pika mchuzi kama ule wa kwanza, na ikibaki nusu saa tia vipande vikubwa vya mumunye au boga. Vitakunywa mchuzi wote vikabaki laini kama siagi.

Pilau nayo yafaa, maana mfuniko mzito huupa mchele mvuke wake wote. Punguza maji kidogo kuliko ulivyozoea, na ukizima gesi usifunue kwa dakika 15. Lakini ugali upikie sufuria yako ya zamani. Unataka kushikwa kwa nguvu na kusongwa, na ukoko wake hutolewa kwa kukwanguliwa, nalo ndilo jambo ambalo kioo hakilitaki. Chapati na bisi pia ziache kwenye vyombo vyake, kwa sababu zinataka chombo kikavu chenye joto kali.

Sasa adabu yenyewe, ili mama wa kikaratasi aondokewe na hofu. Usiibandike motoni tupu. Usiimwagie maji baridi ikiwa ya moto, wala usiitie nyama iliyotoka katika barafu sasa hivi ilhali sufuria imewaka. Kioo hupasuka kwa mshtuko wa baridi na moto. Tumia mwiko wa mti. Osha ikiwa imepoa, kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na dodoki; waya wa kusugulia usiukaribishe. Chakula kikishika chini, loweka usiku mmoja, asubuhi kitatoka chenyewe. Moto wa gesi usipande ubavuni. Kwa anayetumia mkaa, angoja makaa yafunikwe na majivu, apunguze mengi, na ahakikishe jiko ni imara, kwani sufuria ya lita tano ikiwa imejaa inakaribia kilo kumi na haifai kuwekwa juu ya jiko linaloyumba wala kuinuliwa na mtoto. Masikio yake huwa ya moto kama tumbo lake, basi shika kwa vitambaa viwili. Na enameli ya ndani ikimeguka, acha kuipikia, isije vipande vya kioo vikaingia katika chakula.

Turudi nyumbani. Mchuzi ule wa muundi uliiva jioni ya Jumapili, baada ya swala ya Isha. Hatukumwita mama. Tulijua jibu lake. Tulitandika mkeka chini ya mlango wa chumba chake, tukaweka sinia hapo hapo, wali katikati na mchuzi juu yake. Mjukuu wake mdogo akampelekea maji ya kunawa. Alinawa, akakaa, akachukua tonge dogo la kwanza kwa tahadhari ya mtu aliyezoea kuumia. La pili lilikuwa kubwa. Hakusema kitu, nasi hatukumwangalia usoni. Watoto tu ndio waliopiga kelele kama kawaida yao. Alipomaliza upande wake wa sinia alivuta kipande cha nyama kutoka upande wetu, akamwekea mjukuu wake, kama alivyokuwa akituwekea sisi tulipokuwa wadogo. Ndipo tulipofahamu kwamba miaka miwili mama alikuwa na njaa, ila alichokikosa ni chakula kilichopikwa kwa kumkumbuka.

Tangu usiku huo sufuria haikurudi juu ya kabati. Na kwa kuwa imejaa kila inapopikwa, mama ndiye anayekumbusha bakuli la jirani. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi auzidishie maji kisha awaangalie majirani zake, kama alivyopokea Imamu Muslim. Aliyeagizwa kuzidisha maji hakusubiriwa awe tajiri wa nyama.

Mwezi uliopita jirani yetu mwenye akika alikuja kuiazima. Tunakiri tulisitasita. Tulifikiria bei yake, mikono ya wapishi wengi, na enameli inayomeguka. Tukaanza kutafuta maneno mazuri ya kukataa. Mama alikuwa sebuleni, na mjukuu wake alikuwa akimsomea sura fupi za madrasa. Alimsimamisha na kutuuliza sisi tuliosoma chuoni maana ya "al-maa'uun" mwishoni mwa sura ile. Tulijibu, kwa sauti ndogo, kwamba Abdullah bin Mas'ud (r.a.) aliifasiri kuwa ni vyombo ambavyo watu huazimana: shoka, ndoo, na chungu.

Hakuongeza neno. Tuliishusha sufuria jikoni, tukampa jirani pamoja na mwiko wake wa mti na maelezo ya moto mdogo.

Ilirudi siku ya pili, imeoshwa, na kama ilivyo desturi yetu haikurudi tupu. Ndani mlikuwa na mahamri na bakuli la mchuzi wa akika. Pembeni ya mfuniko pameingia alama ndogo nyeusi ambayo haikuwapo. Ni kwa nje, haidhuru chakula. Dada yetu alipopiga simu akauliza kama sufuria yake bado mpya, mama alimjibu kwamba hapana, sasa imekuwa ya nyumbani.

Basi, mama wa kikaratasi, ishushe sufuria yako. Jumamosi nenda kwa muuza nyama mapema, kabla muundi haujaisha. Bandika saa nne asubuhi, na Adhuhuri ikiadhiniwa iache ikitokota kwa moto mdogo kabisa, umwache mtu wa kuiangalia nawe ukaswali. Mwanao akikuuliza umepika nini, mwambie pia nani walikula.

Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.